Utani Uliokosa Sauti

Sauti ilikatika pale pale Lassina Toé alipofungua kinywa ili amtukane Zenabo.

Kinywa chenyewe kilikuwa ukutani. Kilikuwa kipana kama mlango wa ghala, kikisogea juu ya chokaa nyeupe ya nyumba ya mashine ya kusaga, na mbele yake soko zima la Tanghin lilikuwa limeketi: wanawake nyuma ya meza zao, wanaume juu ya viti vya mbao, watoto mchangani, na vitunguu na samaki wakavu na mafungu ya bamia yakiwa hayajafunikwa. Hivyo ndivyo wanawake wa kikundi cha Ukuta Wetu walivyotaka. Tangu walipojifunza kushika kamera walikubaliana kwamba filamu zao hazitapelekwa ukumbini, kwa sababu mtu mwenye nyanya za kuuza hawezi kuziacha akaenda kutazama picha. Basi picha na zije zimkute pale alipo na nyanya zake.

Zenabo alikuwa ameketi kando ya sinia lake la sumbala, madonge ya kiungo cha mchuzi chenye harufu kali, amekwisha kuandaa kicheko. Alilijua tusi lililokuwa njiani. Lassina angesema kwamba mwanamke wa Kimossi anayeuza sumbala anapaswa kuwalipa watu ndipo wamkaribie, na yeye angemjibu kwamba pua ya Msamo kama yeye, iliyozoea mvuke wa kichwa cha mbwa chunguni, haina haki ya kulalamikia harufu yoyote duniani. Soko lingecheka, kama lilivyocheka kila siku. Wamossi na Wasamo ni watani tangu enzi za mababu, na mtani hakasirikiwi hata akuite mtumwa wake mbele ya wakwe zako. Ndiyo maana Rihanata, aliyeshika kamera siku ile, alikiacha kipande kile ndani ya filamu ya namna ya kuchachusha mbegu za sumbala. Wanawake wa kikundi walipokisikia walishika mbavu.

Lakini walikisikia. Hapo ndipo penye tofauti.

Sasa zilibaki nyuso mbili tu, kila mmoja mkubwa kuliko kitanda, na ukimya. Mwanamume wa ukutani alisema neno, lakini macho yake hayakuwa pamoja na neno hilo. Yalikuwa juu ya uso wa mwanamke, yakishuka taratibu kutoka kwenye paji hadi kidevuni, kama mtu anayepita chumbani kwake gizani bila kuhitaji taa. Mwanamke alijibu, akacheka, akajifuta mikono kwenye kitenge, akakirekebisha kilemba ambacho hakikuwa kimelegea. Mwanamume akanyoosha mkono akatwaa donge la sumbala bila ruhusa. Mwanamke akampiga kofi mkononi, na kiganja kile hakikuondoka. Kilikaa pale kilipoangukia kwa muda ambao hakuna kofi linalouhitaji. Kisha Lassina wa ukutani akageuka kukitazama kinasa sauti chake, na Zenabo wa ukutani, akidhani kwamba hakuna anayemwona, akamtazama.

Zenabo wa kando ya sinia aliutazama uso huo.

Hakuwa amewahi kujua kwamba uso wake unaweza kufanya hivyo. Midomo ya mwanamke yule ilikuwa imeachana kidogo, na macho yake yalikuwa yamejaa kitu ambacho Zenabo mwenyewe, peke yake chumbani, alikuwa hajakipa jina. Ulikuwa uso wa mtu mwenye kiu aliyekaa karibu na maji kwa muda mrefu na kufundishwa kwamba si yake. Na uso huo ulikuwa ukutani, mbele ya wateja wake, majirani zake na ukoo wote wa marehemu mumewe.

Kwa desturi, sauti ikikatika katika maonyesho ya ukutani, watu hugonga mabeseni na kudai: Sauti! Sauti! Jioni ile hakuna aliyegonga chochote. Mafuta ya Rihanata yaliendelea kuchemka, na maandazi yake ya kunde yakaanza kuungua bila yeye kuyageuza. Katikati ya ukimya ule mtoto mmoja alimuuliza mama yake kwa nini yule mama mkubwa wa ukutani anataka kulia, na mama yake akamziba mdomo kwa kiganja.

Aliyesimama kwanza alikuwa Salfo.

Salfo alikuwa mdogo wa Boukari, mume wa Zenabo aliyefariki. Hakuwa mtu mbaya. Tangu msiba uwapate alikuwa akihakikisha kwamba mtama haukosekani katika chumba cha mjane, na watoto wa kaka yake aliwanunulia viatu vile vile alivyowanunulia wa kwake. Eda ilikuwa imekwisha zamani. Ijumaa iliyokuwa ikija wazee wa ukoo wangekaa, na wote walijua wangekaa kwa ajili ya nini: Zenabo angekabidhiwa kwa Salfo awe mke wake wa pili, ili nyumba ya Boukari isizimike moto. Angekubali, angebaki katika boma pamoja na watoto wake. Angekataa, milango ingekuwa wazi kwake kutoka, lakini watoto ni wa ukoo, na ukoo hautoki. Zenabo hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Alikuwa amenyamaza, na watu wanaposubiri jibu la mwanamke, ukimya wake huhesabiwa kuwa ndiyo.

"Simamisheni," Salfo alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini palikuwa kimya kiasi kwamba ilifika kila mahali.

Lassina, yule wa kweli, alikuwa amepiga magoti nyuma ya projekta. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa sauti wa kikundi, kwa kuwa ndiye mtengenezaji wa redio pekee mtaani aliyekubali kufundisha wanawake bila kuwafokea. Mikono yake ilikuwa hewani kana kwamba ameshika beseni lisiloonekana. Alikuwa akiutazama ukuta kama wengine walivyoutazama, na wale waliomgeukia waliona kwamba hakuna aliyeshtuka soko zima kuliko yeye. Ilibidi Rihanata amguse bega ndipo akakumbuka kuizima picha.

Tatizo lilionekana mara moja. Waya wa spika kubwa ulikuwa umechomoka na kulala mchangani. Pembeni ya spika ile, mgongo ukiwa umeiegemea, alikuwa ameketi Nopoko, mama yao Boukari na Salfo. Daima alikaa hapo. Masikio yake yalikuwa yamekufa kwa homa miaka mingi iliyopita, na mahali pekee alipoweza kupata muziki ni pale spika ilipotetemesha mifupa yake. Ukitaka kuzungumza na Nopoko, ilikupasa usimame mbele yake, umtazame machoni, na useme polepole ili aisome midomo yako. Lassina alipomwinamia kuuchukua waya, bibi kizee alimsogezea mguu kwa upole, kama mtu anayempisha mgeni.

Salfo hakuketi. Aliwaambia watu, akijitahidi kutabasamu, kwamba wasiwe na fikra za kitoto. Alisema kila mtu anamjua Msamo huyu na kinywa chake, na kwamba picha bila maneno ni kama mchuzi bila chumvi, mtu anaweza kudhani ni maji ya kuoshea vyombo. Kisha akamgeukia Lassina.

"Irudishe hiyo sehemu, mtani. Icheze na matusi yake. Watu wacheke, wakalale."

Lassina alimtazama Zenabo. Zenabo alitazama sinia lake. Picha ikarudishwa.

Safari hii sauti ilikuja kamili. Tusi la sumbala lilisikika hadi barabarani, na jibu la kichwa cha mbwa likafuata, kali na tamu kama lilivyokuwa siku lilipotamkwa. Mtu mmoja huko nyuma alianza kucheka, akajikuta yuko peke yake, akaacha. Wengine walisikiliza kama watu wanaosikiliza mvua juu ya bati huku wakitazama kitu kingine. Macho yalikuwa yale yale. Kiganja kilikaa pale pale. Matusi yale yaliyokuwa yamewafunika wawili wale siku zote yalikuwa yamegeuka kitambaa chepesi, na kila mtu sasa aliweza kuona kilichokuwa nyuma yake. Alimata, mke wa Salfo, aliinamisha kichwa mpaka kilemba kikaficha uso wake, na hakuna aliyeweza kujua kama aliona aibu au alishusha pumzi.

Zenabo aliinuka. Hakulifunika sinia. Alipita kati ya watu, nao wakampisha zaidi ya ilivyohitajika, akazunguka nyumba ya mashine hadi upande wa nyuma, mahali pa kutupia pumba. Alisimama hapo akiwa ameushika ukuta. Upande wa pili wa ukuta huo huo uso wake ulikuwa bado unaendelea kueleza namna ya kuosha mbegu, na alisikia sauti yake mwenyewe ikifundisha kwa utulivu, kama sauti ya mwanamke mwingine ambaye hajapatwa na jambo.

Nyayo za Lassina alizitambua kabla hajageuka. Hilo nalo lilimshtua: kwamba anazitambua.

"Umenivua nguo mbele ya soko," alisema.

"Sikuigusa sauti."

"Sauti ni kazi yako. Nani mwingine anayeijua?"

"Zenabo, naapa—"

"Usiniite kwa jina." Aligeuka. "Hujawahi kuniita kwa jina. Tangu nikujue mimi ni mtumwa wako, ni Mmossi wako, ni mke wako anayenuka. Leo ndiyo umekumbuka kwamba nina jina?"

Lassina alikuwa mtu mrefu, na katika utani alizoea kutumia urefu wake wote, akirusha mikono kama mtu anayefukuza ndege shambani. Sasa alikuwa amesimama kama kitu kilichoegemezwa na kusahauliwa.

"Nimelikumbuka siku zote," alisema. "Ningelitamka, watu wangejua."

"Wangejua nini?"

"Hicho walichokiona."

Zenabo alikuwa amejiandaa kwa ubishi na hata kwa mzaha. Kwa jibu hilo hakuwa amejiandaa, na hasira, ikikosa pa kushika, ilizidi kupanda. Alimwambia kwamba kila asubuhi anapita mbele ya meza yake na kumwita mkewe mbele ya watu wote, na watu wanacheka, na yeye Zenabo anacheka, kisha anarudi bomani na kulala akijiuliza kama mtu yule alikuwa anatania au hakuwa anatania. Alimuuliza kama anaujua uchovu wa swali hilo. Alimuuliza kama anajua kwamba Ijumaa inakuja.

"Najua Ijumaa inakuja."

"Na ulikuwa unangoja nini? Nikabidhiwe ndipo uje na tusi jipya?"

"Nimekwisha kuja."

"Lini?"

"Mwezi uliopita. Nilivaa kanzu. Nilikwenda bomani kwenu wakati wewe uko hapa sokoni, nikamkuta Salfo anatengeneza baiskeli. Nikampa mbegu ya kola mkononi, nikamwambia, nimekuja kumwomba Zenabo." Lassina alitoa pumzi iliyotaka kuwa kicheko. "Alicheka mpaka akashika mti. Akaniambia Msamo kwanza alete mbwa wawili wanono. Akaichukua kola akaitafuna palepale, akanisifu kwamba ni tamu. Na mimi nikacheka. Ningefanya nini? Nikasimama na kanzu yangu nikacheka naye."

Upande wa pili wa ukuta Zenabo mwingine alisema kwamba mbegu zilizooshwa hazipaswi kuharakishwa. Zenabo huyu alikuwa ameweka mkono kifuani.

Alimkumbuka Lassina siku ya mazishi ya Boukari. Alikuwa ameshuka kaburini kabla ya maiti, akalala chali, akapishanisha mikono kifuani na kutangaza kwamba hakuna Mmossi atakayezikwa leo mpaka Msamo apewe jogoo. Ndiyo kazi ya watani msibani, na kila mtu alikuwa akiitarajia. Lakini Zenabo, ndani ya kitambaa cha ujane, alicheka kicheko cha kweli, na alijichukia kwa ajili yake usiku kucha. Ilimchukua muda kuelewa kwamba kicheko kile ndicho kilichomshika mkono mpaka asubuhi.

"Nimezaliwa na ruhusa ya kukwambia kila kitu," Lassina alisema taratibu. "Naweza kukwambia una harufu, una miguu ya punda, babu yako alimtumikia babu yangu. Hakuna wa kunizuia. Nikajikuta neno moja tu sina njia ya kulisema, kwa sababu mtani akisema kweli, nani atamwamini?"

"Ungeniambia mimi."

"Ungeniamini?"

Zenabo alitaka kusema ndiyo. Ukweli ulimzuia. Angemwambia arudi kwao akale mbwa wake, angecheka, na angelala tena na swali.

Ni hapo walipomsikia Nopoko.

Walimsikia kabla hawajamwona, kwa maana bibi kizee huyo, kama viziwi wengi, hakujua kiasi cha sauti yake. Aliposema jambo la siri mitaa miwili ilifaidika. Alikuja akiburuza fimbo kwenye pumba, na nyuma yake, kwa hatua za mtu asiyetaka kufika, alikuja Salfo.

"Mnagombana kwa sababu ya waya?" Nopoko aliuliza. "Msigombane. Waya nimeuchomoa mimi."

Upande wa pili wa ukuta soko lilitulia. Mtu alikuwa ameizima filamu.

Zenabo alimkaribia mama mkwe wake, akasimama mbele yake kama inavyopasa. Midomo yake ilitetemeka hata akalazimika kuanza upya.

"Mama. Wewe? Kwa nini?"

"Kwa sababu mnaonesha hii filamu kwangu uani kila jioni, mnaikata mnaiunga, na kila ikifika hapo wanawake wote wanaanguka kwa kucheka, na mimi peke yangu nakaa naona kitu kinachonitoa machozi. Nikawauliza, wanasema nini hao? Wakaniambia, wanatukanana tu, mama, ni watani." Nopoko alitikisa kichwa. "Mimi tangu masikio yangu yafe sijasikia tusi lenu hata moja. Mwaka mzima nakaa kwenye mkeka wangu pale karibu na meza yako, naona mwanamume na mwanamke. Nikasema, Ijumaa wazee watakaa, na hakuna mzee hata mmoja anayeona. Wote wanasikia. Basi leo nao wawe viziwi kidogo, wapumzike."

Zenabo alikuwa amezungukwa jioni ile na mishtuko mingi, lakini huu ulikuwa wa namna nyingine, kwa kuwa ulikuja na joto. Mwanamke huyu alikuwa mama wa Boukari. Mkono uliomfumba macho mwanawe ndio uliochomoa waya.

Salfo alisogea. Zenabo aliona kwamba alikuwa amesikia zaidi ya maneno ya mama yake, kwani alikuwa akimtazama Lassina kama mtu anayejaribu kukumbuka ndoto.

"Kola ile," alisema. "Ilikuwa ya kweli?"

"Ilikuwa ya kweli," Lassina alijibu.

"Nikaila."

"Ukaila."

Salfo alijifuta kinywa kwa kiganja, kana kwamba bado pana uchungu wa kola juu ya midomo. Kwa Wamossi, aliyekula kola ya mposaji amekwisha kumsikiliza, na hakuna mtoto asiyelijua hilo. Nopoko, aliyekuwa akifuata midomo ya mmoja hadi ya mwingine, aligonga fimbo chini.

"Ulikula nini, Salfo? Geuka huku. Sema nikuone."

Mwanamume mzima, mwenye ndevu, aligeuka mbele ya mama yake. "Kola, Mama. Nilikula kola yake. Nilidhani ni utani."

"Sawa. Na wewe, huyu shemeji yako unamtakia nini? Sema vile vile, polepole."

Ni jambo jepesi kusema barazani, katikati ya wanaume, kwamba mjane wa kaka atatunzwa. Ni jambo jingine kulisema neno kwa neno, midomo wazi, mbele ya macho ya mzazi anayeyatazama maneno yakitoka. Salfo alifungua kinywa. Alisema kwamba anataka nyumba ya kaka isizimike. Nopoko aliendelea kumtazama, akingoja sehemu iliyobaki, na sehemu iliyobaki haikuja. Mwishowe Salfo alisema jambo ambalo pengine hata yeye hakulitarajia: kwamba anawaogopea watoto. Kwamba hataki siku moja amwone mtoto wa Boukari mlangoni pa mtu mwingine, akamwona Boukari.

"Watoto watalala nitakapolala mimi," Nopoko alisema, "na mimi nitalala atakapolala mama yao. Kama ni bomani kwako, ni bomani. Kama ni kwa Msamo, nitachukua mkeka wangu, nitakwenda kwa Msamo, nikawafundishe kupika kitu kisichobweka."

Kutoka upande wa pili wa ukuta kilisikika kicheko kimoja kilichozimwa haraka. Salfo hakucheka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa kwamba boma lake linaweza kuhama kwa miguu. Lakini hakusema hapana. Alisema tu kwamba wazee bado watakaa Ijumaa, na kwamba atakapoulizwa kuhusu kola, hatadanganya. Kisha akarudi nyuma hatua moja, na katika hatua hiyo Zenabo aliona, kwa mara ya kwanza tangu msiba, jinsi alivyofanana na kaka yake.

Nopoko alikuwa amekwisha kumgeukia Lassina.

"Njoo hapa wewe. Nimekuona ukutani. Sasa nataka kukuona hapa."

Lassina alikuja. Alivua kofia yake, akachuchumaa mbele ya bibi kizee, viganja pamoja, kama watu wanavyochuchumaa mbele ya wakubwa wanaowaheshimu, na jinsi ambavyo hakuna mtani anayechuchumaa mbele ya mtani wake. Zenabo alikuwa nyuma yake. Aliweza kuona kisogo chake tu, na mishipa ya shingo, na masikio ambayo mara nyingi alikuwa ameyaita ya mbuzi.

Akaanza kusema, na hakutoa sauti.

Hakukuwa na haja ya sauti, kwa kuwa anayesemeshwa hakuihitaji. Lakini Zenabo aliinamisha kichwa mbele, akasikiliza kwa mwili wake wote, na hakupata kitu isipokuwa pumzi. Aliona mabega ya Lassina yakipanda na kushuka. Aliona uso wa mama mkwe wake ukiyapokea maneno, moja baada ya jingine, bila kuharakishwa. Mahali fulani katikati, macho ya bibi kizee yalilowa, na hakuyafuta, ili asikose neno.

"Amesema nini?" Zenabo aliuliza alipoona kwamba amemaliza. Nopoko alikuwa hamtazami, kwa hiyo hakujibu. Ikabidi aende asimame mbele yake, kando ya Lassina aliyekuwa bado amechuchumaa. "Mama. Amesema nini?"

Nopoko alijaribu kunong'ona. Alijaribu kwa dhati, na mnong'ono wake ulifika hadi kwa wauza samaki.

"Amesema amechoka kucheka."

Zenabo aliutazama uso wa Lassina. Hakukuwa na mzaha ndani yake mahali popote, si kwenye macho wala kwenye pembe za mdomo, na bila mzaha huo alikuwa kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Alitisha kidogo. Alikuwa mzuri.

"Na wewe, mwanangu," Nopoko alisema. "Umenyamaza sana. Mimi sijui kusoma ukimya."

Zenabo alivuta pumzi ili ajibu kwa sauti, kwa fahari, ili yeyote aliye nyuma ya ukuta asikie na asimulie atakavyo. Alitaka kusema maneno mengi yenye mpangilio. Alitaka kuwataja watoto, na Boukari, na heshima. Lakini alipofungua kinywa, sauti haikutoka. Midomo ilikwenda peke yake, mara moja, kwa neno fupi ambalo alikuwa amelibeba kila asubuhi chini ya matusi yote, na machozi yakashuka juu yake.

"Nimeona," Nopoko alisema.

Salfo aliinamisha kichwa. Lassina hakuinuka. Aliufunika uso wake kwa kofia.

Nyuma ya ukuta Rihanata akaita kwa wasiwasi, akiuliza amejibu nini, jamani, amejibu nini. Hakuna aliyemwambia. Mtu akagonga beseni. Mwingine akagonga sufuria, kisha meza, kisha viti, mpaka soko zima la Tanghin, lililoketi mbele ya ukuta mweupe usio na picha, likawa linadai kwa pamoja:

"Sauti! Sauti!"